Mtu Asiyepiga Chombo

Katika okestra kubwa kuna mtu mmoja tu ambaye hatoi sauti yoyote, na ndiye huyo jina lake linaandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Wengine wanapuliza, wanavuta nyuzi, wanapiga ngoma. Yeye ameshika kijiti ambacho hata kusongea ugali hakifai. Mfungie mpiga gitaa chumbani na gitaa lake, jioni ukipita mlangoni utasikia kitu. Mfungie huyu na kijiti chake, hutasikia chochote.

Hata kumpa jina kwa Kiswahili ni shida. Ukisema kondakta, mtu wa Nairobi anafikiria matatu. Hapa Kigali mtu wa basi tunamwita konvwayeri, lakini ukisema kondakta bado watu watashika mfuko kutafuta nauli. Kwenye makanisa yetu sisi Wakongomani tunasema dirijan. Mimi nitasema kiongozi wa okestra, ingawa ni refu, kwa sababu swali langu liko kwenye hilo neno la kwanza. Mtu ambaye chombo chake ni watu wengine, akifukuzwa anaondoka na nini? Na akibaki, zile sauti zinazotoka kwenye midomo na mikono ya wengine ni za nani?

Naongoza kwaya ya vijana Jumamosi mchana, Nyamirambo. Muziki sikuusomea. Nilimaliza sekondari, nikaanza kazi na vijana wakimbizi, na kwaya ikaniangukia kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kusimama mbele. Nikawa natafuta kwenye simu namna ya kuonyesha kwa mkono mahali sauti ya pili inaingia, data ikaniishia mara mbili, na mwisho nikafika kwa Mjerumani mmoja aliyekufa zamani, Fritz Busch. Nilienda kutafuta mkono, nikakuta maisha.

Busch alizaliwa mwaka 1890 katika mji wa Siegen. Baba yake alikuwa seremala aliyegeuka kuwa fundi wa fidla. Nyumba ilikuwa na watoto wengi na pesa kidogo, na Fritz na mdogo wake Adolf walianza kupiga muziki wa dansi vilabuni pamoja na baba wakiwa bado wadogo. Hapo nilimpenda. Nilikuwa nafikiri watu wa opera wanazaliwa wamevaa suti. Alisoma muziki Cologne, akaanza kazi Riga mwaka 1909, akaenda Aachen, akapigana Vita Kuu ya Kwanza kama askari, akapata kazi Stuttgart mwaka 1918, na mwaka 1922 akaitwa Dresden.

Okestra ya Dresden ilianzishwa mwaka 1548. Yaani wakati huo pwani yetu Wareno hata Fort Jesus walikuwa hawajaijenga. Opera ya mji huo ilikuwa moja ya kubwa kabisa Ujerumani, na Busch hakuja pale kufuta vumbi tu: alifungua opera mpya za watu walio hai, Doktor Faust ya Busoni mwaka 1925, Cardillac ya Hindemith mwaka 1926, mbili za Richard Strauss, na akazirudisha opera za Verdi ambazo Wajerumani walikuwa wameziacha kando. Miaka kumi na moja hivi. Mtu anaweza kusema alikuwa amefika.

Hitler alipata serikali tarehe 30 Januari 1933. Uchaguzi ukafanyika tarehe 5 Machi. Tarehe 7 Machi jioni Busch alikuwa aongoze Rigoletto. Alipotokea mbele ya okestra, watu wa SA, vijana wa chama wenye mashati ya kahawia, walikuwa wamejaa ukumbini, wakaanza kupiga kelele wakitaka atoke. Alisimama akangoja. Kelele hazikuisha. Akaweka kijiti chini akatoka.

Shika jambo hili: Busch hakuwa Myahudi. Alikuwa Mjerumani wa aina ileile waliyosema wanaitaka. Mashtaka yao yalikuwa kwamba ana marafiki Wayahudi, anawapa kazi waimbaji Wayahudi na wageni, analipwa sana, anasafiri sana. Mashtaka ya aina hiyo tunayajua. Ukiyasikiliza moja moja unaona ni madogo madogo, kama ya majirani wanaogombania bomba la maji, halafu siku moja yanaunganishwa.

Na Rigoletto? Iliimbwa usiku uleule. Mwingine alichukua nafasi yake na watu wakasikia opera waliyolipia. Hili ndilo lililonikaa kichwani wiki nzima. Okestra yenye karibu miaka 400, na yeye miaka kumi na moja mbele yake, na haikusimama ikatoka naye. Siwalaumu. Mwenye filimbi ana watoto. Lakini angalia ndugu yake. Adolf alikuwa mpiga fidla, mmoja wa wakubwa wa Ulaya. Yeye alikuwa ameshahamia Basel, Uswisi, tangu 1927, na mwaka 1933 alifuta maonyesho yake yote Ujerumani. Alifunga fidla kwenye kisanduku na muziki wake ukaenda naye. Fritz aliondoka na kijiti.

Wakimbizi tunaweza kugawanywa hivyohivyo. Fundi cherehani akivuka mpaka, mikono yake imevuka naye. Apewe cherehani tu, kesho anashona. Dada anayesuka nywele, fundi wa simu, mpishi wa mandazi, hali kadhalika. Lakini mtaani kwangu kuna mzee aliyekuwa mkuu wa shule kule Uvira. Anafika na nini? Shule imebaki. Kuna mchungaji ambaye waumini wake wametawanyika Mahama, Kigeme, Nakivale, wengine Marekani. Kuna mama aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama sokoni. Hawa walikuwa wanapiga chombo cha watu, na chombo hicho hakiingii kwenye begi. Tunapowauliza "ulikuwa unafanya kazi gani?" wanajibu kwa sauti ya chini, na sisi vijana tunadhani ni uzee.

Sasa, wanaompenda Busch wakifika hapa husema: mtu safi, aliona ubaya akaondoka. Haikuwa rahisi hivyo, na mimi namwamini zaidi kwa sababu haikuwa rahisi. Baada ya Dresden hakupanda treni kesho yake. Alizungumza na Göring, mmoja wa wakubwa wa Hitler, kuhusu kazi Berlin, na kwa muda alingoja kuona kama mlango huo utafunguka. Haukufunguka. Ndipo akaenda Buenos Aires kuongoza opera Teatro Colón. Lakini kuna mlango mwingine uliofunguliwa naye akakataa kuingia. Toscanini, Mwitaliano, alijitoa kwenye tamasha la Bayreuth la mwaka 1933 kwa kupinga mateso ya Wayahudi. Busch akatakiwa achukue nafasi hiyo, akasema hapana. Richard Strauss akakubali. Strauss huyohuyo alikuwa ameandika kwenye opera yake Arabella kwamba ni zawadi kwa Busch, na Arabella ikafunguliwa Dresden tarehe 1 Julai 1933 na kiongozi mwingine kabisa.

Kwa hiyo mtu mmoja, mwaka mmoja: anangoja kazi kwa Göring, na anakataa kazi ya Bayreuth. Ukiniuliza yupi ndiye Busch wa kweli nitasema wote wawili. Uamuzi wa kuondoka haukai kwenye siku moja. Sisi wenyewe tukihojiwa ofisini tunaulizwa "uliondoka lini na kwa nini?", tunajibu tarehe moja na sababu moja kwa sababu fomu ina mstari mmoja. Ukweli ni kwamba wengi wetu tuliondoka mara tatu, nne, tukarudi, tukangoja, tukatuma mtu aangalie nyumba.

Na waliobaki? Wilhelm Furtwängler alikuwa kiongozi wa okestra ya Berlin tangu 1922. Aprili 1933 aliandika barua ya wazi kwa Goebbels akitetea wanamuziki Wayahudi. Alisaidia watu, hilo halibishwi. Mwishoni mwa 1934 alijiuzulu kwa ajili ya kumtetea Hindemith, halafu mwaka 1935 akarudi jukwaani. Hoja yake ilikuwa kwamba Ujerumani ya Beethoven siyo ya Hitler, na lazima mtu abaki aitunze. Ni hoja nzuri, mimi siidharau. Watu wa kwetu waliobaki Bukavu na Goma wanasema karibu maneno hayohayo: tukiondoka wote, nani atafundisha watoto? Lakini Aprili 1942 Furtwängler aliongoza simfoni ya tisa ya Beethoven kwenye sherehe ya mkesha wa siku ya kuzaliwa ya Hitler, na Goebbels akaja mbele kumshika mkono. Ile simfoni inaimba kwamba watu wote ni ndugu. Kufikia hapo Wayahudi wa okestra yake walikuwa wameshaondoka. Szymon Goldberg, aliyekuwa anakaa kiti cha kwanza cha fidla, aliondoka mwaka 1934.

Hapo ndipo naona jibu langu linapoanza kujitenga na "kuondoka" na "kubaki". Mkulima akibaki kwenye shamba lake chini ya serikali mbaya, muhogo wake ni muhogo. Kiongozi wa okestra akibaki, anachozalisha ni watu wanaofanya kitu pamoja kwa wakati mmoja, na hicho ndicho serikali mbaya inachokihitaji kuliko vyote. Haihitaji kubadilisha noti hata moja. Inahitaji tu kukaa safu ya mbele.

Nikiwa Kigali siwezi kuandika habari hii na kuishia Berlin. Simon Bikindi alikuwa mtunzi na kiongozi wa kundi la ngoma na nyimbo, Irindiro, na mfanyakazi wa wizara ya vijana. Wanaokumbuka wanasema alikuwa na kipaji kikubwa, na ndio tatizo lenyewe. Nyimbo zake zilipigwa na redio RTLM wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mahakama ya kimataifa kule Arusha ilimhukumu tarehe 2 Desemba 2008 miaka 15. Lakini hakutiwa hatiani kwa nyimbo. Majaji walikubali kwamba nyimbo zilitumika kwenye propaganda, ila hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba yeye alikuwa na mkono katika kuzirusha hewani. Kosa lililomfunga lilikuwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani, kati ya Kivumu na Kayove, mwishoni mwa Juni 1994, akihimiza watu waue.

Sheria ilitaka mdomo wake mwenyewe, na naielewa: hakimu hawezi kufunga mtu kwa sababu wimbo wake ulikuwa mtamu. Lakini sisi si mahakama. Mtu anayefundisha watu kuimba pamoja, akiwapangia wapumue wapi na wapaze wapi, anajua kwamba kinachotoka kwenye vifua vyao kinapita mbali kuliko anachosema yeye mwenyewe. Kama anafurahia sifa ya sauti hizo wakati wa makofi, hawezi kuzikana siku nyingine.

Na Kigali hiihii kulikuwa na kiongozi mwingine. Cyprien Rugamba, mshairi na mtunzi, aliongoza kundi la Amasimbi n'Amakombe. Yeye na mke wake Daphrose walianza kuwalisha na kuwapokea watoto wa mtaani, wale tunaowaita maibobo, kazi ambayo inaendelea mpaka leo katika kituo chenye majina yao. Tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza kabisa, waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao sita. Rugamba alibaki. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kubaki ni kukubali. Tofauti ya Rugamba na Bikindi haikuwa mahali walipokuwa. Wote wawili walijua kuwafanya watu waimbe. Ukitaka kuwatenganisha, uliza nani aliitwa aje kuimba, na wimbo ulikuwa unamwelekea nani.

Nasema haya kwa sababu jambo lilitufikia Jumamosi moja. Kwaya yetu ina vijana ishirini na watatu, wengi Wakongomani wa makabila ambayo kule nyumbani hayakai meza moja, Warundi wachache, na Wanyarwanda wawili wa mtaani waliokuja tu kwa sababu wanapenda. Tulikuwa tunatafuta wimbo wa kuimba tarehe 20 Juni, siku ya wakimbizi. Kijana mmoja, sauti ya tatu, kijana mzuri, akaja na wimbo kwenye simu. Ulikuwa unatumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mdundo wake, nasema ukweli, unakuinua kwenye kiti. Maneno yake yanawaita watu wa kabila fulani nyoka.

Akasema, "Shefu, maneno tutabadilisha. Tutaweka ya amani. Melodi haina kosa."

Ni hoja ya Furtwängler, ila imevaa kofia ya kapelo. Nikawa nafikiri namna ya kumjibu, msichana mmoja wa sauti ya kwanza akanitangulia. Akasema, "Mama yangu akisikia huo mdundo hatangoja maneno."

Kimya. Halafu wengine wakaanza: kwani mama yako ndiye atakuja kuimba? Wimbo ni wimbo. Mbona kanisani tunaimba melodi za Wazungu waliotutawala? Hiyo hoja ya mwisho ilikuwa nzito na bado sijaimaliza. Nikawaambia hivi: siwezi kuwakataza kuimba, midomo ni yenu. Lakini mkono wangu hautainuka kwa huo wimbo. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha nyuma karibu na dirisha.

Waliuimba. Tena waliuimba vizuri, bila mimi, yule kijana akihesabu kwa kidole. Vijana watano hawakuimba, wakaja kukaa karibu nami, na mmoja wao alikuwa Mrundi ambaye wimbo haukumhusu kabisa. Nikakumbuka Rigoletto. Mtu mmoja kutoka hakuzuii kitu, na anayedhani kutoka kwake kutazuia anajipa ukubwa asiokuwa nao. Busch alipotoka, Dresden ilimpata Karl Böhm mwaka 1934, na Böhm alikuwa hodari kweli. Kiti hakikai bure hata mwaka mmoja.

Basi kwa nini utoke? Nimelizungusha swali hili na ninachopata ni kidogo lakini nakishika. Mtu mwenye mkono unaowakusanya watu anapokataa kuuinua, wale walioketi kwenye safu, hasa yule mmoja ambaye wimbo unamwita nyoka, wanajua kwamba mahali hapa kuna angalau mkono mmoja usio dhidi yao. Waimbaji Wayahudi wa Dresden, Busch hakuwaokoa. Lakini walipofukuzwa na wao, kulikuwa na kiongozi mmoja aliyekuwa amefukuzwa kwa ajili yao na ambaye alikataa Bayreuth. Siku ya 20 Juni tuliimba wimbo mwingine, wa kawaida tu. Yule kijana wa sauti ya tatu bado anakuja. Wimbo bado uko kwenye simu yake, ameniambia mwenyewe.

Busch alipata chombo kingine. Huko Uingereza kwenye mashamba ya Sussex, tajiri mmoja, John Christie, alikuwa amejenga jumba la opera nyumbani kwake Glyndebourne, viti mia tatu hivi. Alimwita Busch. Busch akamleta Carl Ebert, mwongozaji wa maigizo aliyekuwa ameondoka Berlin mwaka uleule wa 1933, na meneja akawa Rudolf Bing, Myahudi wa Vienna. Tarehe 28 Mei 1934 walifungua na Figaro ya Mozart. Leo Waingereza wanalihesabu tamasha hilo kuwa jambo lao kabisa, wanaenda na vikapu vya chakula wakakaa kwenye nyasi. Wengi wao hawajui kwamba waliolianzisha kazi walikuwa watu watatu waliokimbia. Na okestra ilikuwa ya watu wasiomjua, wa lugha nyingine, ambao ilibidi aanze nao mwanzo: pumua hapa, ngoja, sasa. Baadaye akafanya kazi Copenhagen na Stockholm, akawa raia wa Argentina mwaka 1936, na Novemba 1945 alifungua msimu wa opera New York.

Mwaka 1949 alitoa kitabu cha maisha yake. Kinaishia 1933. Miaka kumi na sita ya uhamishoni, Glyndebourne yote, New York yote, haimo. Mzee wa Uvira niliyemtaja naye anasimulia hivyohivyo, mpaka mlango wa shule, halafu ananyamaza na kuuliza kama chai iko.

Februari 1951 Busch alirudi Ujerumani, akaongoza tena Cologne, mji aliosomea. Alirekodi pale kwenye redio opera ya Verdi, Un ballo in maschera. Mbele yake walikaa wapiga vyombo Wajerumani, na katika Ujerumani ya mwaka ule ilikuwa vigumu kumpata mpigaji wa umri wa kati ambaye mikono yake ilikuwa imepumzika tangu 1933 hadi 1945. Alikuwa na miaka sitini, na miezi saba baadaye alikufa London. Rekodi ipo, unaweza kuisikia. Siwezi kujua aliwaambia nini kabla ya kuanza, au kama aliwauliza chochote. Ninachosikia ni kwamba wanaingia pamoja.